Kiitikio cha mdogo wangu kinapigwa redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Ni wizi, au nyimbo zinafanana tu?

#1 Fundi wa Chuno
Wakuu, habari za humu. Niko Mtwara mjini, nachomelea mageti na madirisha, muziki nausikiliza tu. Msanii ni mdogo wangu. Mwaka juzi alirekodi wimbo kwenye studio moja huko Masasi, akauweka YouTube, ukatazamwa na watu mia kadhaa, wengi wao ndugu na wateja wangu niliowalazimisha.

Mwezi uliopita niko kazini, redio ikapiga wimbo mpya wa msanii mkubwa wa Dar. Simtaji, msinichimbe. Kiitikio kilipoingia nikazima mashine nisikilize vizuri. Ni kile kile cha dogo. Maneno ndiyo tofauti: dogo aliimba mpenzi aliyemkimbia pesa ya korosho ilipoisha, huyu anaimba gari na safari za Dubai. Lakini mlio ule ule, hadi mama alikuwa jikoni akaita, "wimbo wa mwanangu huo, wameuweka redioni!"

Naomba kujua, kufanana namna hii kunahesabika ni wizi? Na mtu wa huku kusini asiye na wakili anaanzia wapi?

#2 Pweza Mkavu
Weka nyimbo zote mbili tusikie wenyewe. Bila hivyo unatupigia hadithi.

#3 Fundi wa Chuno
Nimewatumia inboksi wewe na wengine wachache mnaojua muziki. Hapa wazi siweki, dogo kaniomba.

#4 Kangomba Mstaafu
Nimesikiliza. Wizi wa mchana kweupe. Na sheria iko wazi kabisa: ukichukua chini ya sekunde saba ruksa, ukizidisha umeiba. Hiki kiitikio kinazidi. Kesi imeisha, mkachukue pesa zenu.

#5 Wakili wa Kijiweni
Mkuu Kangomba, hiyo ya sekunde saba ifute kichwani. Kila kijiwe kina namba yake. Wengine baa nne, wengine noti tano, na hakuna hata moja iliyomo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Mahakama haishiki saa. Inatazama kama kilichochukuliwa ndicho kilichobeba wimbo.

Fundi, tenganisha vitu viwili. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyotoka studio. Huyo wa Dar hajakata sauti ya mdogo wako akaibandika kwake, kwa hiyo rekodi iweke pembeni, ugomvi wenu ni wa utunzi. Kwenye utunzi wazo halina mwenyewe. Yeyote anaweza kuimba mapenzi ya msimu wa korosho. Mpangilio wa melodi ndio wenye mwenyewe. Haki ya mdogo wako ilianza pale alipoutengeneza wimbo, haisubiri cheti. Kujiandikisha COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunasaidia siku ya kuleta ushahidi. Na haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo hamna haja ya kukimbia kama mnafukuzwa.

#6 Konde Halisi
Mnasahau ya nyumbani. Konde Boy wetu, Harmonize, wa hapa hapa Mtwara, Uno imetoka 2019, inatikisa kila kona, mara prodyuza wa Kenya, Magix Enga, akadai biti imetokana na aliyoitengeneza yeye kwenye Dundaing ya King Kaka. Wimbo ukashushwa YouTube, watu tukabaki tunauliza umeenda wapi. Kwa hiyo Fundi, mwambie dogo aripoti huko huko YouTube. Wakili wa nini?

#7 Kinanda Masasi
Taratibu mtani. Lile lilikuwa dai la biti, sio kiitikio. Na YouTube sio mahakama. Wimbo ukishushwa kule maana yake mtu kajaza fomu, hakuna aliyekaa akasikiliza pande mbili. Aliyeshushiwa naye anajaza fomu ya kupinga, hapo mlalamikaji ana siku 10 za kazi za kuonyesha kuwa amefungua kesi. Asipoonyesha, video inarudi hewani na wewe umebaki na uadui. Chaneli ikipata straiki tatu, yaani maonyo ya hakimiliki, ndani ya siku 90 inafungwa, ndiyo maana wasanii wakubwa wana watu wanaolipwa kukaa na mambo hayo tu. Dogo ana nani? Ana kaka mchomeleaji.

#8 Fundi wa Chuno
Mchomeleaji mwenye hasira lakini.

#9 Shemeji Nachingwea
Kushinda inawezekana hapa hapa Tanzania. AY na Mwana FA walishinda dhidi ya kampuni ya simu, mabilioni! Fundi usikate tamaa.

#10 Wakili wa Kijiweni
Kweli, Mahakama ya Wilaya ya Ilala mwaka 2016 iliwapa zaidi ya shilingi bilioni 2.1 dhidi ya Tigo. Lakini Shemeji, nyimbo zile, Dakika Moja na Usije Mjini, zilitumika zenyewe kama miito ya simu. Hapakuwa na ubishi wa "zinafanana hazifanani". Kesi ya kufanana ni mnyama mwingine, unaweza ukawa na haki na bado ukashindwa kuithibitisha.

#11 Binti Ndanda
Nafundisha kwaya, nimewaandikia kwa solfa, yaani do re mi kwa herufi zake za mwanzo. Nyimbo zote nimezileta kwenye do moja:

Dogo: s s l s m r m r d
Wa Dar: s s l s m s m r d

Noti tisa, tofauti ni moja tu, ya sita. Dogo anashuka kwenye re, wa Dar anaruka kurudi juu kwenye so.

Lakini msikimbilie polisi bado. Zote mbili zinatembea kwenye noti tano, d r m s l, hamna fa wala ti. Watoto wanaimba so-so-la-so-mi wakicheza uani kabla hawajaanza shule. Kwenye kabati letu la kwaya zipo nyimbo zinazoanza hivyo hivyo, za watunzi ambao hawajawahi kuonana. Kwa hiyo noti peke yake hazinitishi.

Kinachonitatiza ni pumzi. Wote wawili wanavuta pumzi baada ya ile mi ya tano, na wote wanaichelewesha nusu pigo kabla ya kuendelea. Nimewaimbisha wanakwaya wangu noti hizo bila kuwaambia kitu, hakuna aliyevuta pumzi hapo. Wote walipitiliza.

#12 Pweza Mkavu
Mwalimu umeniandikia namba za gari za wapi hizo? s s l s m. Mimi nilijua T ndiyo inaanza.

#13 Konde Halisi
😂😂 Pweza kaa pembeni wenye elimu waongee.

#14 Nahodha wa Mikindani
Mwalimu umegusa penyewe. Ngoja niwape ya George Harrison. Mwaka 1970 katoa My Sweet Lord, dunia nzima ikaimba. Wenye He's So Fine, wimbo wa 1963 wa kundi la wasichana The Chiffons, wakamshtaki. Hukumu ikatoka 1976 huko New York. Jaji hakusema Harrison ni mwizi. Alisema wimbo ule ulishamkaa kichwani, akautoa akidhani ni wake, bila kujua. Akawa na hatia vile vile! Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana kama ni hivyo, nani atapona?

Kinachochekesha zaidi ni kilichofuata. Aliyekuwa meneja wake, Allen Klein, ambaye mwanzoni alikuwa upande wa Harrison kwenye ugomvi ule ule, alikuja kuinunua kampuni iliyokuwa ikimshtaki. Mahakama ilipogundua mchezo ikasema Harrison amlipe kile tu Klein alichotoa kuinunulia, dola 587,000, faida hapati.

Kwa hiyo huyo wa Dar anaweza kuwa aliusikia wimbo wa dogo mahali, ukamkaa, akaamka nao asubuhi akadhani umeshushwa kwake.

#15 Shemeji Nachingwea
Harrison huyu ndiye wa Jambo Bwana? Au ni ndugu?

#16 Nahodha wa Mikindani
Hapana shemeji 😂 Wa Jambo Bwana ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, Mombasa, 1982. Wa My Sweet Lord ni Mwingereza wa Beatles. Ila nao Them Mushrooms wimbo wao ulisafiri, Boney M wakautoa mwaka uliofuata.

#17 Kinanda Masasi
Sasa nisemee upande wa mashine, maana nimezifungua nyimbo zote mbili kwenye programu yangu. Ya dogo inakwenda spidi ya mapigo 96 kwa dakika, ya wa Dar 104. Ufunguo tofauti. Nikaishusha ya wa Dar hadi 96, nikazileta kwenye ufunguo mmoja, nikazipiga pamoja, moja spika ya kushoto nyingine ya kulia. Kiitikio kinalala juu ya kingine hadi noti ya tano, kinaachana kidogo, kinakutana tena mwishoni.

Lakini nilichokigundua hakiko kwenye sauti, kiko chini yake. Ile marimba ya mwanzo, tiki-ti-ti-tiki, mimi ninayo! Imo kwenye pakiti ya lupu, vile vipande vya muziki vya kurudiarudia, zinazouzwa mtandaoni, nilishaitumia kwenye wimbo wa harusi ya watu hapa Masasi. Marimba hiyo yenyewe inapiga so-so-la-so-mi, na ina kimya kidogo baada ya mi. Pumzi ya mwalimu ile! Kwa hiyo nadhani prodyuza wa dogo aliweka lupu, dogo akaifuata kwa mdomo. Wa Dar naye prodyuza wake kaweka lupu ile ile, naye akaifuata. Hakuna aliyemwibia mwenzake, wote wamefuata marimba ya mtu wa tatu aliyekaa Ulaya huko na kuuza pakiti.

#18 Binti Ndanda
Kinanda, hiyo inaeleza noti tano za mwanzo na pumzi, haielezi m r d za mwisho. Marimba inamalizia wapi?

#19 Kinanda Masasi
Inaishia hapo kwenye mi, kisha inarudia. Za mwisho sina majibu. Ila kushuka m r d kwenda nyumbani ndiko kunakoshukiwa na kila mtu, mwalimu unajua.

#20 Fundi wa Chuno
Nimemuuliza dogo. Anasema prodyuza alimkuta na kiitikio tayari, ndipo akatafuta kinanda cha kukifuata. Yaani kiitikio kilikuwepo kabla ya marimba. Na kuna jambo sikulisema mwanzo: msanii yule alikuja Mtwara na msafara wa shoo, uwanja wa Nangwanda Sijaona, baada ya dogo kutoa wimbo. Dogo na wenzake walienda hotelini wakampa dijei wa msafara flashi yenye nyimbo zao.

#21 Kangomba Mstaafu
Ndo hapo sasa! Flashi! Mlitaka nini tena?

#22 Wakili wa Kijiweni
Flashi ni muhimu, sikatai. Kesi za namna hii zina miguu miwili. Mguu wa kwanza, mshtakiwa aliufikia wimbo wako, au angalau alikuwa na nafasi ya kweli ya kuusikia. Wa pili, alichokitoa kinafanana na kile chenye hakimiliki kwako. Flashi inagusa mguu wa kwanza tu, tena nusu, kwa sababu aliyepewa ni dijei. Dijei aliisikiliza? Alimpa bosi wake? Au ilibaki kwenye begi na nyingine hamsini?

Mtazameni Ed Sheeran. London, 2022, Sami Chokri alidai kiitikio cha Shape of You kimetoka kwenye Oh Why yake. Jaji akaona hakuna uthibitisho kwamba Sheeran aliwahi kuusikia wimbo ule, akampa ushindi. Sheeran alisema siku hizi anajirekodi kwa video anapotunga. New York, Mei 2023, kesi nyingine ya Thinking Out Loud na Let's Get It On ya Marvin Gaye, akapanda kizimbani na gitaa akawapigia wazee wa baraza kuonyesha kordi zile ziko kwenye nyimbo kibao. Akashinda.

Na Katy Perry ndiye anayefanana zaidi na jambo letu. Mwaka 2019 baraza lilisema Dark Horse imechukua kutoka kwa rapa wa Injili aitwaye Flame, dola milioni 2.78. Machi 2020 jaji akaifuta. Kisa? Kilichogombewa ni kipande cha noti nane kinachojirudia, na jaji akasema noti hizo ni za kawaida mno kumilikiwa na mtu mmoja. Sisi tuna tisa. Moja haifanani.

#23 Kangomba Mstaafu
Wakili unachagua kesi za walioshinda wakubwa. Mbona husemi Blurred Lines? Robin Thicke na Pharrell waliangushwa 2015 na familia ya huyo huyo Marvin Gaye, zaidi ya dola milioni 7, baadaye zikapunguzwa zikawa 5.3, na rufaa ya 2018 ikawakuta vile vile. Na pale hata melodi haikuwa moja! Watu walisema ni "hali" ya wimbo tu, kengele na besi na shangwe za watu nyuma. Kama hali inalipwa, kiitikio cha noti nane kati ya tisa kinakosaje?

#24 Wakili wa Kijiweni
Umenikamata vizuri mkuu. Ndiyo kesi iliyowatia hofu watunzi wote, na kwenye rufaa majaji wenyewe waligawanyika, wawili kwa mmoja. Lakini mahakama ile ile ya rufaa mwaka 2020 ilipokaa na majaji wengi kwenye kesi ya Stairway to Heaven, ilirudisha kamba nyuma, Led Zeppelin wakapona. Huko huko upepo unageuka. Na yote hayo ni ya Marekani, hakimu wa Mtwara halazimiki kuyafuata.

#25 Shemeji Nachingwea
Mimi naona mnakuza. Muziki wa sasa wote kordi nne. Kordi ni kama nazi kwa sisi wa Pwani, kila sufuria utaikuta na hakuna anayemshtaki jirani. Kuna Wamarekani wawili, Damien Riehl na Noah Rubin, mwaka 2020 waliiagiza kompyuta itoe melodi zote zinazowezekana kwa noti nane na mapigo 12, zikafika bilioni 68, wakaziachia dunia nzima bure. Ya dogo imo humo, na ya wa Dar imo.

#26 Pweza Mkavu
Bilioni 68 na bado singeli zote nazisikia moja.

#27 Konde Halisi
Pweza!! Tokaaa 😂 Nenda kale ming'oko ulale.

#28 Mama Wawili Newala
Samahani nimechelewa kuingia, nilikuwa msibani. Fundi alinitumia nyimbo inboksi kwa kuwa tunafahamiana. Nilizipiga kwenye simu nyumbani, mama mkubwa yupo barazani anabangua korosho zake. Ya kwanza ilipoanza akainua uso. Ya pili ilipofika kiitikio akaanza kuiimba yeye, kwa maneno mengine kabisa, ya Kimakonde, huku mikono inaendelea na kazi. Nikamuuliza, mama, umeijulia wapi? Akasema "hiyo si ya kuwatolea wali hiyo, nani kawapa wanaume?"

Maneno siandiki humu, wenye kujua unyago wanajua kwa nini. Lakini mahadhi ndiyo hayo hayo. Na akivuta pumzi ni pale pale baada ya noti ya tano, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengine wanapopiga kigelegele.

#29 Binti Ndanda
Mama Wawili umenisisimua mwili. Yule mama anamaliza vipi, anashuka kwenye re kama dogo au anaruka juu kama wa Dar?

#30 Mama Wawili Newala
Nilimwomba arudie nikamrekodi, akagoma. Akasema simu ina masikio ya wanaume. Nadhani anaruka juu, lakini sina uhakika nikaapa.

#31 Kangomba Mstaafu
Akiruka juu maana yake wa Dar yuko karibu na bibi kuliko dogo! Fundi, mambo yamegeuka, dogo ndiye atashtakiwa na bibi yake.

#32 Fundi wa Chuno
Mama yetu ni mtu wa Newala. Dogo alilelewa na bibi hadi darasa la tano. Sasa hapo hata mimi sijui niseme nini. Lakini wa Dar bibi yake ni nani? Yeye kaipata wapi?

#33 Kinanda Masasi
Wamakonde wako Dar miaka yote, kuna mitaa unaamshwa na sindimba. Anaweza kuipata kwa jirani.

#34 Babu Kilwa Masoko
Wajukuu, hamjambo. Nawasoma tangu jana. Mnahangaika na kesi za Ulaya wakati yetu hatujaimaliza. Malaika ni ya nani? Aliyeirekodi na Jambo Boys mwaka 1960 ni Fadhili William, Mkenya, na jina lake ndilo liko kwenye sahani nyingi. Lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania, alitunga Nairobi mwaka 1945. Na Mombasa nao wana mtu wao. Miriam Makeba kaiimba, Boney M wameiimba, dunia inaijua, na ukiwakalisha wazee watatu mezani hadi leo watatoka wamenuniana.

Na yule Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mbube aliirekodi 1939, haki akaziachia kwa shilingi 10. Wimbo ukawa Wimoweh, ukawa wa simba anayelala, ukaingia mpaka kwenye filamu ya Disney. Mwenyewe alikufa 1962 hana kitu. Familia ilishtaki 2004, wakapatana 2006. Walichokishikia ni kifungu cha sheria ya zamani ya Waingereza kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Sikilizeni vizuri hapo: pale hapakuwa na ubishi wa kufanana, kilichosaidia ni karatasi na tarehe.

#35 Konde Halisi
Shikamoo Babu. Hapo nimeelewa kuliko Wakili kwa kurasa zote hizi.

#36 Wakili wa Kijiweni
Marahaba kwa niaba yake 😄 Babu amenirahisishia, maana kama ni wimbo wa unyago, sura inabadilika. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kuzitumia kijijini kwenye desturi zake hakuna shida. Kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali. Kwa hiyo kinadharia wote wawili, dogo na wa Dar, walitakiwa kuomba. Nyimbo ngapi za bongofleva na singeli zenye vipande vya ngoma ziliombewa, mimi sijaziona.

Ila dogo bado ana cha kwake. Alichoongeza yeye juu ya mahadhi ya bibi, maneno na ile re ya sita kama kweli ni yake, hicho kinabaki kuwa chake. Tatizo ni kwamba wa Dar hakuchukua maneno, na kwenye noti ya sita ndipo walipoachana.

#37 Mama Wawili Newala
Kibali anatoa nani, serikali au mama mkubwa? Maana huyu hapa barazani hajaulizwa na mtu tangu azaliwe.

#38 Nahodha wa Mikindani
Swali zuri hilo, Wakili akimbie nalo. Shakira na Waka Waka ya 2010, kiitikio kilitoka kwa Golden Sounds wa Kameruni, Zangalewa, 1986. Yakaisha kwa maelewano. Lakini Golden Sounds nao walikuta askari wanaimba, hawakuanza kutoka hewani. Kila ukifukua unakuta mwingine chini.

#39 Kinanda Masasi
Na mimi nina swali linaloninyima usingizi tangu jana. Ile marimba ya kwenye pakiti, yule mzungu aliitoa wapi? Maana inapiga so-so-la-so-mi na kimya baada ya mi. Kigelegele kimeondolewa, nafasi yake imebaki.

#40 Pweza Mkavu
Sasa mmefika Ulaya kumshtaki mzungu kwa unyago wa Newala. Natafuta popkoni.

#41 Binti Ndanda
Fundi, haya mengine yaendelee, ila dogo leo hii afanye hivi. Atafute ile rekodi ya kwanza ya mdomo, kama alimtumia mtu kwa WhatsApp ujumbe ule usifutwe, una tarehe. Prodyuza wa Masasi asifute faili la mradi, nalo lina tarehe. Apeleke wimbo COSOTA. Kisha aandike barua ya heshima kwa uongozi wa yule msanii, aombe jina lake liingie kwa watunzi, asianze na neno mwizi. Sam Smith na Tom Petty walimaliza hivyo, jina likaongezwa, kila mtu akaendelea na kazi yake.

#42 Fundi wa Chuno
Asante mwalimu. Rekodi ya mdomo ipo, aliituma kwa shangazi. Faili la mradi prodyuza anasema kompyuta ilikufa, anatafuta kama lilibaki kwenye diski ya nje. Barua nitaandika mimi, dogo ana hasira kuliko mimi.

#43 Kangomba Mstaafu
Barua ya heshima kwa mtu wa Dubai? Haya. Tuma na korosho kilo mbili basi.

#44 Msafiri Liwale
Nimesoma uzi wote, na mimi Mama Wawili kanitumia sauti yake mwenyewe akiimba bila maneno. Poleni, lakini mahadhi hayo kwetu Liwale tunayo, na si ya wanawake. Ni ya wanaume, tunaimba vijana wakitoka jandoni wanarudi kijijini. Na pale mnaposema kigelegele, kwetu ni pigo moja la ngoma kubwa. Kwa hiyo kabla ya barua ya Dar, kina mama wa Newala watuambie kwanza wao wameutoa wapi.

#45 Mama Wawili Newala
Msafiri ngoja nimsomee mama mkubwa hii. Usiende mbali na simu.